Nishani ya Kapteni na Sajenti Asiyetajwa

Mnamo Oktoba 1940 serikali ya Uingereza ilitangaza katika gazeti lake rasmi kwamba Kapteni Eric Charles Twelves Wilson, ofisa wa jeshi la kudumu, aliyetoka chuo cha Sandhurst na kuingia kikosi cha East Surrey mwaka 1933, kisha akaazimwa kwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, na baadaye kwa kikosi cha ngamia cha Somaliland, ametunukiwa Msalaba wa Victoria, ambao ndio upeo wa nishani za ushujaa katika dola ile, na kwamba ametunukiwa hali ameshakufa. Hati ya sifa iliyofuatana na tangazo hilo ni fupi, imeandikwa kwa lugha kavu ya kijeshi isiyo na mapambo, na mtu akiisoma leo kwa makini ataona ndani yake mambo mawili yanayoiumiza insafu: aliyeandikwa kuwa amekufa alikuwa hai, na aliyekufa kweli hakuandikwa jina.

Habari yenyewe ni hii. Mwanzoni mwa Agosti 1940 majeshi ya Wataliani yaliyokuwa Uhabeshi yalivuka mpaka na kuingia Somaliland ya Waingereza, na kwa kuwa njia ya kufikia bandari ya Berbera hupita kati ya vilima vya Tug Argan, hapo ndipo watetezi, waliokuwa wachache mno mbele ya adui yao, walipoamua kumkabili. Wilson alikabidhiwa kilima kilichopewa jina la Observation Hill pamoja na bunduki za rashasha, zile ambazo askari wa Keya walizoea kuziita bombomu, na walioshika bunduki hizo walikuwa askari wa Kisomali. Tarehe 11 adui alishambulia, akarudishwa. Na kwa kuwa bombomu za Wilson zilikuwa zikiwafyeka hata wale waliokuwa wakipanda kilima cha jirani, Wataliani wakasogeza mizinga myepesi ya kubebwa na wanyama mpaka yapata yadi 700, wakailenga ngome ile ndogo hata makombora mawili yakapenya katika matundu ya kufyatulia risasi na kupasuka ndani kwa ndani. Wilson akajeruhiwa vibaya bega la kulia na jicho la kushoto. Askari wake kadhaa wakajeruhiwa. Bunduki zikarushwa kutoka juu ya miguu ya chuma iliyozishika. Na sajenti wake akauawa ubavuni pake. Akazitengeneza bunduki, akazisimamisha tena, akaendelea. Tarehe 12 na tarehe 14 mizinga ikamrudia, na vidonda vyake havijatibiwa. Tarehe 15 ngome zake mbili zikasambaratishwa, naye sasa homa ya malaria imempanda juu ya majeraha, lakini bunduki yake haikunyamaza mpaka saa kumi na moja jioni, adui alipoivamia ngome na kuikanyaga.

Sajenti yule hati inamtaja kwa kabila na cheo tu, kisha inapita. Jina lake lilikuwa Omar Kujoog. Tunalijua kwa sababu habari za vita vile ziliendelea kusimuliwa nje ya karatasi za serikali, na si kwa sababu aliyeandika waraka wa sifa aliona haja ya kuuliza. Wilson mwenyewe hakufa: Wataliani walimteka na kumpeleka Eritrea, na huko kambini, kwa mateka mwenzake wa jeshi la anga aliyeletwa baadaye, ndiko aliposikia kwamba Uingereza imemtunuku na kumhesabu marehemu. Alikombolewa mwaka 1941 Wataliani waliposhindwa, akapigana tena Burma pamoja na askari wa Keya, akaacha jeshi mwaka 1949, kisha akaja Tanganyika katika utumishi wa serikali na kukaa mpaka 1961. Huenda wapo wasomaji wa gazeti hili ambao babu zao walisimama mbele ya meza yake kwa shauri la shamba au la kodi, na wasijue kwamba bwana yule mkimya alipata kusomewa wasifu wa maiti akiwa hai. Alifariki Desemba 2008, umri wake miaka 96.

Sisemi haya ili kumpunguzia Wilson chochote. Mtu aliyekaa siku nne na jicho lililojeruhiwa na homa mwilini, akitengeneza bunduki zilizorushwa na makombora, anastahili kila heshima aliyopewa, na anayelikana hilo ana husuda. Ila nadhani ni faradhi kuuliza kwa nini bunduki zilizoshikwa na watu wengi zilileta nishani ya mtu mmoja, na jawabu, ninavyoona, halimo katika moyo wa Wilson bali katika desturi ya nishani zenyewe, ambazo kwa muda mrefu zilipimwa kwa cheo cha mtu, na nyakati nyingine kwa rangi yake, kabla ya kupimwa kwa kitendo.

Aghalabu wasomaji hudhani kwamba ushujaa ni mmoja na nishani yake ni moja. Haikuwa hivyo. Nishani ya Utumishi Bora iliyoanzishwa na Malkia Victoria mwaka 1886 ilikuwa ya maofisa peke yao. Msalaba wa Kijeshi wa mwaka 1914 ulikuwa wa maofisa wadogo na wale wa daraja iliyo chini yao kidogo. Askari wa kawaida aliyefanya kitendo kile kile, katika handaki lile lile, tangu mwaka 1916 alipewa Medali ya Kijeshi, iliyo chini yake kwa hadhi. Hata askari wa Keya walikuwa na medali yao mbali ya mwenendo bora vitani, iliyotengwa na ile ya askari wa Uingereza mpaka 1942. Tofauti ile ya msalaba wa ofisa na medali ya askari haikuondolewa mpaka mwaka 1993, yaani karne nzima ilikaribia kwisha kabla dola ile haijakiri kwamba risasi haisomi mabega ya mtu.

Atasema msemaji kwamba Msalaba wa Victoria haukuwa na ubaguzi wa vyeo, naye atakuwa amesema kweli. Sajenti Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya, aliupata kwa kitendo chake cha tarehe 19 Mei 1941 huko Colito, Uhabeshi, aliporukia juu ya vifaru vya Wataliani na kuwapiga waliokuwamo, mpaka akauawa. Alikuwa sajenti tu, kama Omar Kujoog alivyokuwa sajenti. Batalioni yake ilikuwa ya kikosi cha sita cha Keya, ambacho asili yake ni Tanganyika, na askari Waafrika walivuka mto pamoja naye siku ile. Katika Keya yote, kwa vita vyote viwili vikuu, hakuna askari Mwafrika hata mmoja aliyevalishwa msalaba ule. Ama Waafrika wa Keya hawakuwa na shujaa, jambo ambalo hata maofisa wao wenyewe wasingethubutu kulisema, ama hapakuwa na kalamu iliyowafuata.

Fauka ya hayo kuna mchanganyo mwingine, wa ushujaa na utumishi uliotukuka, ambao ni vitu viwili mbalimbali. Ushujaa ni tendo la saa moja, lina mahali na lina mashahidi. Utumishi uliotukuka ni mwendo wa miaka mingi, na kwa tabia yake hupanda pamoja na cheo, maana mwenye madaraka makubwa ndiye mwenye nafasi ya kutumikia kwa makubwa. Wala hapana aibu katika hilo. Aibu ni kuvivika kimoja vazi la mwenziwe. Katika Vita Vikuu vya Kwanza nishani ile ya 1886 ilikuwa ikitolewa kwa maofisa wa makao makuu, waliokaa mbali na mizinga na kushika makaratasi, hata waliokuwa katika mahandaki wakanung'unika, na tangu Januari 1917 ikaamriwa kwamba wapendekezwe wale waliotumikia chini ya moto wa adui.

Sasa turudi kwetu. Katikati ya Dar es Salaam imesimama tangu 1927 sanamu ya Askari, bunduki mkononi na singe mbele, kumbukumbu ya Waafrika waliopigana katika vita vile vya kwanza. Ni sanamu nzuri, nami hupenda kuitazama, lakini ni ya askari yeyote, na heshima ya yeyote ni rahisi kuitoa. Serikali zetu huru zilirithi majeshi na zikarithi nishani. Rais wa Tanzania huwavika maofisa na askari Nishani ya Utumishi Uliotukuka, na ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema, na nyinginezo. Kenya nayo kila sikukuu ya Jamhuri hutoa orodha ndefu ya waliotunukiwa. Mwananchi husikia jina, cheo, na daraja ya nishani. Kitendo kilichomstahilisha mtu yule hukisikia kwa nadra sana, na waliokuwa pamoja naye nadra zaidi.

Rai yangu ni kwamba kila nishani ya ushujaa ifuatane na hati ya sifa iliyochapishwa katika gazeti la serikali, yenye tarehe, mahali, tendo lenyewe, na majina ya wote waliokuwapo, kuanzia ofisa hadi dereva na mbeba risasi. Na nishani za utumishi zitangazwe mbali na hizo, kwa hati yake ya aina nyingine. Najua nitajibiwa kwamba jeshi lina siri zake. Ni kweli, na siri ya jana si lazima ifunuliwe leo. Lakini siri nyingi za vita huzeeka upesi, na waraka unaweza kuwekwa akiba miaka kumi au ishirini kisha ukatolewa, ilhali waraka ambao haukuandikwa kamwe hauna akiba ya kutolewa. Nitajibiwa pia kwamba kuwataja wengi kunampunguzia mwenye nishani adhama yake. Je, Wilson angepungua nini kama mstari ule wa Oktoba 1940 ungekuwa na maneno mawili zaidi, Omar Kujoog?

Kazi hii ianze na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambavyo ni vyetu wenyewe na ambavyo hatuwezi kumlaumu mkoloni kwa namna tulivyoviandika. Waliokuwa vijana wa miaka ishirini wakati ule sasa wanakaribia sabini, na wengi wao wangali vijijini na mijini wakiwa na akili timamu na kumbukumbu ya nani alikuwa ubavuni pa nani. Waendewe na waulizwe mwaka huu.