Kikohozi cha mtoto na chupa ya siro

Baridi ya kiangazi na vumbi vimefika hapa Base, na usiku watoto wetu wanakohoa. Wengi wetu tunakimbilia siro ya kutuliza kikohozi, inayouzwa bila karatasi ya munganga. Lakini kukohoa kunasafisha kifua. Kukinyamazisha kikohozi si kuponya ugonjwa.

Na chupa yenyewe inaweza kudanganya. Mwaka 2022 huko Gambia, watoto karibu 70 walikufa kwa kuharibika figo. Siro 4 za kikohozi na mafua zilikutwa na sumu ya dietileni glikoli. Sumu hiyo haina rangi, na ni tamu.

Basi, aliye chini ya miaka 6 tusimpe siro hiyo. Anayenyonya, tumnyonyeshe mara nyingi. Aliyepita mwaka 1, kijiko kidogo cha asali kinamtosha. Chini ya hapo, asali ni hatari.

Mtoto akitulia, tuhesabu pumzi zake dakika nzima. Zikifika 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, twende kituo cha afya usiku uleule. Kikohozi kikipita majuma 2, tuombe kipimo cha kifua kikuu.