Nyahanga Nayo Ihadhiriwe

Mwaka 2010 watafiti watatu, Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington, walichapisha makala katika The Journal of Modern African Studies, jarida linalotolewa Cambridge, Uingereza. Makala hiyo inahusu wachimbaji wadogo wa dhahabu wa kaskazini magharibi ya Tanzania, waganga wanaowauzia hirizi, na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi tangu mwaka 2007 hivi. Ni kazi ya maana. Hoja yake ni kuwa unyama ule haukurithiwa kwa mababu wa Kisukuma kama walivyodai wengi, bali ni biashara mpya, iliyozuka pale tamaa na wasiwasi wa mchimbaji vilipokutana na ulimi wa mganga.

Waliosailiwa katika utafiti wa namna hiyo ni wachimbaji. Wanaousoma ni wanachuo wa Ulaya na Marekani, pamoja na wachache wa Dar es Salaam wenye nywila ya maktaba. Mtu anayeteremka duarani alfajiri, ambaye maisha yake ndiyo yaliyotiwa wino, hana njia ya kujua kilichoandikwa juu yake, sembuse ya kukijibu. Jambo hili wakubwa wa vyuo huliona kuwa ni la kawaida. Si la kawaida hata kidogo, na ni wakati liitwe kwa jina lake: ni dhuluma.

Nyahanga ni kata katika Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga. Mpenzi wa mashairi aliyekulia Mkunazini, Chake Chake au Lamu huenda jina hilo hajapata kulisikia, nalo hapa limetajwa kwa niaba ya kata zote za ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama mpaka Geita. Kahama ni mji wa mchele na wa malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Upande mmoja upo Bulyanhulu, mgodi uliofunguliwa mwaka 2001. Mlangoni mwa mji upo Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009 na kusimamisha uchimbaji mwaka 2021. Watu wa huko wameona fedha nyingi zikipita. Wameona pia vikongwe wakikatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, ilhali wekundu ule, kama wajuzi walivyokwisha kueleza mara nyingi, hutokana na moshi wa samadi ya ng'ombe inayowashwa jikoni pale kuni zilipokwisha. Mjuzi ameeleza, lakini amemweleza nani?

Wasomaji wa visiwani na mwambao hawahitaji kufundishwa maana ya elimu isiyokoma. Darsa baina ya magharibi na isha haimuulizi mtu cheti. Mzee wa miaka sabini huketi na kijana wa kumi na tano, mchukuzi wa bandarini akawa ubavuni mwa kadhi, na anayesomesha huulizwa, hubishiwa, kisha kesho hurudi palepale. Riyadha ya Lamu, aliyoiasisi Habib Saleh, ilipata jina kwa kuwafungulia mlango watu ambao wenyeji wenye nasaba waliwaona si wa kusomeshwa, na jambo hilo halikupita bila ya kelele. Hata neno lenyewe, chuo, kabla ya kuvishwa joho na kofia ya mraba, lilikuwa ni kitabu, na pahala pa kusomea Kurani. Chuo kikuu kimelichukua neno na kuuacha mlango.

Wala haikuwa hivyo tangu mwanzo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje ya Chuo Kikuu cha Makerere, kisha ikawa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maana yake ni kuwa mhadhiri yule yule aliyesomesha wenye madigrii alikuwa na wajibu kwa karani, mwashi na mkulima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadiliana, na waliotoka hapo walikwenda kuchimba vyoo. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha 67 katika kila 100 mwaka 1967. Ilipofika mwaka 1986 walikuwa wamepungua hadi 10 hivi. Mtu anaweza kuzitilia shaka takwimu za zama zile, na wapo wenye haki ya kufanya hivyo. Hawezi kusema kuwa nchi ilikuwa imelala.

Washairi nao hawakukaa kando. Mathias Mnyampala, mtu wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, aliiasisi ngonjera, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilivyotoka mara baada ya kifo chake viliingia katika maskuli na madarasa ya watu wazima. Mashairi yale si yote yaliyo matamu. Mengine yananuka hotuba. Lakini yalikuwa na imani kuwa mkulima anaweza kusimama mbele ya wenziwe akaijibu hoja kwa vina na mizani. Msukuma, kwa upande wake, hakungoja kufundishwa hilo. Katika wigashe, ngoma ambayo watu huicheza wamekaa kitako, manju hutunga juu ya mambo ya siku, akasifu, akakashifu, na hadhira ikahukumu. Pale Kahama pana hadhira iliyozoea kusikiliza kwa makini tangu kabla Tanganyika haijawa na chuo kikuu hata kimoja.

Basi mambo yaliharibikia wapi? Wengi huulaumu uchumi wa miaka ya 1980, na kweli upo wa kulaumiwa. Lakini kosa moja lilifanyika mapema zaidi, tena kwa nia njema. Sheria namba 12 ya mwaka 1975 iliitoa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima katika Chuo Kikuu na kuifanya shirika linalojitegemea. Taasisi ilipata uhuru wake. Chuo Kikuu kilipata udhuru wake. Tangu hapo, kila alipotajwa mtu mzima anayetaka kujua, jibu lilikuwa tayari: hilo lina wenyewe. Mwaka huo huo vikaanzishwa vyuo vya maendeleo ya wananchi kwa mfano wa Sweden, kikiwemo cha Buhangija huko Shinyanga, na vyuo vikuu vikapumua tena. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Hiki kimefanya mema yasiyohesabika: kina kituo katika kila mkoa, Unguja na Pemba zikiwemo, na maelfu ya walimu na wauguzi wamepata shahada bila ya kuacha kazi. Hata hivyo, uhuria wake ni wa yule mwenye sifa za kujiunga, mwenye ada, na mwenye Kiingereza. Mama anayeuza mchele hatafuti shahada. Anataka kujua kwa nini mvua za vuli hazishikiki siku hizi, mkataba wa mkopo unasemaje, na zebaki anayoichoma mwanawe uani inamfanya nini.

Zebaki itazamwe kidogo. Mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga uliosagwa karashani, hukamata dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake huvutwa na kila aliye karibu, mtoto mchanga akiwa wa mwanzo kudhurika. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Minamata ni ghuba ya Japani ambako wavuvi na watoto wao walipooza na kufa kwa kula samaki waliolishwa zebaki ya kiwandani. Mhadhiri mwenye ulimi mwepesi angeyasimulia hayo kwa muda wa saa moja, na hakuna ambaye angeondoka hajaelewa. Chumba cha kufanyia hivyo hakihitaji kujengwa. Uwanja wa skuli unatosha, na kipaza sauti cha kukodi.

Hapa watetezi wa hali iliyopo huleta hoja zao. Husema kwanza kuwa wananchi hawana hamu ya mambo mazito. Wanaosema hivyo hawajapata kupita katika mji wa bara jioni wakati wa mihadhara ya dini. Wahubiri, Waislamu kwa Wakristo, walikwisha kugundua miaka mingi iliyopita kuwa ukitia kipaza sauti uwanjani saa kumi alasiri, ukawa na hoja na ukakubali kuulizwa, watu watasimama mpaka giza liingie. Walisimama kusikiliza tafsiri za aya kwa aya, mambo ambayo si mepesi hata kwa mwenye shahada. Yale yaliyosemwa mara nyingine yalichoma nyoyo na kugombanisha majirani, lakini hamu ya watu ilionekana wazi. Hoja ya pili ni kuwa redio na simu vimechukua nafasi ya mhadhara. Simu haiulizwi swali la pili. Ndiyo iliyojaa waganga wanaojitangaza, na serikali iliyowapiga marufuku wapiga ramli mwaka 2009 ililazimika kurudia mwaka 2015, jambo linaloonyesha nguvu ya marufuku isiyofuatwa na maelezo.

Iko hoja ya tatu, nayo husemwa kwa sauti ya chini: mhadhara kwa wananchi haumpandishi cheo mhadhiri. Hiyo ni kweli tupu, na ndiyo shina la mambo. Vyuo vikuu husema vina kazi tatu, kusomesha, kutafiti na kuihudumia jamii. Ile ya tatu imegeuka kuwa ushauri elekezi unaolipiwa, au kozi fupi zinazouzwa kwa watumishi wanaohitaji karatasi. Hiyo ndiyo inayoitwa sasa elimu ya maisha yote. Kilichosalia cha mhadhara wenyewe ni tamasha. Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2008 akakikalia kwanza Issa Shivji, kilirudisha heshima ya mjadala, na mwaka 2009 Wole Soyinka alizungumza katika Ukumbi wa Nkrumah. Lilikuwa jambo tukufu, na lilistahili kufanywa. Lakini Ukumbi wa Nkrumah uko Mlimani, na Kahama iko mbali na Mlimani kwa njia na kwa lugha.

Mkoani Shinyanga kwenyewe kipo chuo cha Kizumbi, tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na hakuna chuo kinachofungwa na itikadi yake zaidi ya hicho. Msingi wa tano kati ya misingi saba ya ushirika duniani, kama ilivyotangazwa mwaka 1995, unataka vyama viwaelimishe wanachama wake na viujulishe umma. Umma wote, si waliolipa ada. Tena Usukuma ni nchi ya ushirika; vyama vya pamba vya kina Paul Bomani katika miaka ya 1950 vilijengwa na wakulima ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, uliotolewa mwaka 2021, ni wa kujenga na kupanua kampasi mikoani. Majengo yatakuja. Yasije na ukuta tu.

Wala mtu asiseme kuwa elimu ikiteremka vijijini hupotea. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 mkoa ulipokuwa ukielekea kuwa jangwa. Wataalamu walikuja na miche yao, na mingi ikawashinda. Kisha wakakaa na wazee, wakasikia habari za ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma waliyafunga wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi zilizidi hekta 300,000 mradi ulipomalizika mwaka 2004. Mtaalamu alisomesha na akasomeshwa.

Fedha pia zisitolewe kisingizio. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inawataka wenye migodi waandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri. Mipango hiyo hujaa madarasa, madawati na zahanati. Vyote vinahitajika, na vyote vinapigika picha. Gharama ya mihadhara kumi na miwili kwa mwaka, nauli, chakula na kipaza sauti, haifikii bei ya darasa moja. Kampuni zenyewe zinajua thamani ya kusomesha wakubwa: mafundi wa migodi walipelekwa Moshi, chini ya Kilimanjaro, katika mpango ulioanza mwaka 2009, na mwaka 2024 Barrick ikafungua chuo cha kuwanoa wasimamizi wake palepale Buzwagi. Chuo kimefika Kahama, basi, lakini kina geti, na getini huulizwa kitambulisho cha kazi.

Linalotakiwa ni dogo. Mhadhiri anayetafiti katika ukanda wa dhahabu asihesabiwe kuwa amemaliza utafiti mpaka aurudishe kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma akiweza au kwa mkalimani, mbele ya watu aliowasaili, na siku hiyo iandikwe katika daftari la kupandishwa vyeo kama inavyoandikwa makala ya Cambridge. Wa kuanza nao wapo. Makala ile ya mwaka 2010 ifasiriwe, isomwe Nyahanga jioni moja saa kumi, wachimbaji wakiwa mbele na waganga, wakitaka, wakiwa nyuma. Kisha kipaza sauti wapewe wachimbaji, waseme ni wapi watafiti walipatia na ni wapi walipokosea.