Santuri za babu na kijiti kwenye soketi

Jumamosi jioni, familia moja ya Mbagala ilikaa sebuleni kusikiliza santuri za babu. Marehemu aliacha maboksi mawili ya sahani za bendi za miaka ya 1970, Morogoro Jazz zikiwemo, pamoja na mashine yake ya kuzipigia. Baba akaiunganisha na amplifaya iliyonunuliwa Kariakoo, akateremsha sindano. Kabla gitaa halijalia ukatoka muungurumo mzito usiokoma. Akaongeza sauti, nao ukaongezeka.

Wengi hapo husema mashine imezeeka. Mara nyingi haina kosa. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo mno, sehemu chache tu za elfu moja ya volti, na amplifaya inalazimika kuukuza mara mia moja au zaidi. Besi hukuzwa kuliko sauti nyingine, kwa kuwa hupunguzwa makusudi wakati santuri inachongwa. Sasa umeme wa majumbani Tanzania hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na hiyo kwa sikio ni besi. Ukipenya kidogo tu kwenye waya za muziki, nao unakuzwa. Ndiyo maana simu kwenye amplifaya hiyohiyo inaweza kuimba bila kelele yoyote.

Kwa hiyo baba alianza kwa kugeuza kitufe cha amplifaya kutoka santuri kwenda redio. Muungurumo ukakatika. Maana yake spika ni nzima na tatizo liko upande wa mashine. Nyuma yake kulikuwa na waya mwembamba wenye ncha kama uma mdogo, umekunjwa na kufungwa na mpira, kila mtu akidhani umekatika. Kazi yake ni kufungwa kwenye skrubu ya amplifaya iliyoandikwa GND. Akazima kila kitu, akaufunga, na kelele ikashuka sana. Iliyobaki ilipungua aliposogeza mashine mbali na amplifaya, ambayo ina transfoma ndani, na kutenganisha waya za muziki na zile za umeme zilizolala pamoja nyuma ya kabati.

Hadithi ingeishia hapo, lakini mama, akiwa peku kwenye sakafu ya sementi, aligusa bodi ya chuma ya amplifaya akasikia mkono unatekenywa. Muziki ukasimama.

Mtekenyo huo haupaswi kuzoeleka, ingawa nyumba nyingi wameuzoea. Amplifaya ilikuwa na plagi ya pini mbili, na ili iingie kwenye soketi ya matundu matatu, mtu alikuwa amechomeka kijiti cha ufagio kwenye tundu la juu. Nani hajawahi kufanya hivyo? Tundu lile ni la ethi, na pini yake ndefu ndiyo inayofungua vimilango vinavyoziba matundu mawili ya chini. Kijiti nacho huvifungua, na tundu lenye umeme wa volti 230 linabaki wazi. Mtoto wa miaka minne anayemwona baba akifanya hivyo kila jioni anajifunza njia. Mama alikumbuka kuwa wiki hiyohiyo alimnyang'anya mwanawe msumari karibu na ukuta.

Fundi alipofuata waya wa ethi aliukuta umeishia nje, nyuma ya jiko, bila kuunganishwa na chuma chochote ardhini. Kwenye nyumba zinazojengwa kidogokidogo si jambo la ajabu. TANESCO huishia kwenye mita. Waya za ndani ni za mwenye nyumba, na fundi anayezigusa anatakiwa awe na leseni ya EWURA. Kumwomba aionyeshe si kumvunjia heshima. Na ule waya mwembamba wa santuri hauchukui nafasi ya ethi ya nyumba, wala usifungwe kwenye nondo za dirisha au bomba la maji.

Vile vifuniko vya plastiki vya kuziba soketi navyo si vya kuvitegemea. Soketi za pini tatu zina vimilango vyake, na baadhi ya vifuniko huvifungua badala ya kuvilinda. Soketi ambayo vimilango vyake vimelegea ibadilishwe. Ikitokea mtoto amenaswa na umeme, usimshike: zima swichi kuu kwanza, kisha angalia kama anapumua, na apelekwe hospitali hata akionekana mzima.

Mbagala, fundi alichimbia nondo ya ethi nje ya ukuta, akaunganisha waya, akaweka swichi inayokata umeme unapovuja. Amplifaya ilipelekwa kupimwa na kubadilishiwa waya na plagi. Kwa wiki mbili santuri zilikaa kwenye maboksi yake, na kijiti kikarudishwa kwenye ufagio.