Reli Mpya Itachukua Nini?

Wasomaji, neno linalosikiwa sana siku hizi hapa Isaka, na katika nchi yote ya Shinyanga na Geita, ni reli mpya. Mkataba wa kuijenga kutoka Mwanza mpaka Isaka, njia za kilometa 341 kwa jumla, ulitiwa sahihi Januari 2021, na tangu hapo watu husema, "Reli ikiisha, umaskini nao umekwisha." Neno hili latupendeza masikioni, walakini si kweli, na sisi tulio walimu haitupasi kuwaacha watoto wetu walishike.

Maana reli si jambo geni kwetu. Njia ya zamani ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo ilipita hapa hapa Isaka. Muda wa karibu miaka 100 imechukua nini? Imeteremka pwani na marobota ya pamba, ikapanda na nguo. Hata bandari kavu yetu, iliyo sifa ya Isaka, kazi yake kubwa ni kuyashusha makasha yaliyotoka Dar es Salaam kwa treni na kuyapakia katika malori yaendayo Rwanda na Burundi. Kazi hiyo ni njema, nayo huwapa watu ujira. Lakini bawabu hatajiriki kwa kuwahesabu wageni wapitao mlangoni.

Wako watakaotujibu ya kuwa nchi imekwisha kuinuka, kwa kuwa Julai 2020 Benki ya Dunia iliiandika Tanzania miongoni mwa nchi za uchumi wa kati, daraja la chini, kwa pato la wastani la dola 1,080 kwa mtu kwa mwaka. Hatuibishi hesabu, twauliza maana yake. Mtu mmoja akiwa na ng'ombe 100, na jirani zake 9 hawana hata ndama, wastani wao ni ng'ombe 10 kwa kila mtu. Walakini watoto wa wale 9 hawatakunywa maziwa ya wastani.

Na tulitazame jambo la dhahabu, maana lina mafundisho. Machi 2017 Serikali ilikataza kupeleka ng'ambo makinikia, yaani ule mchanga wenye dhahabu na shaba uliotoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yote miwili katika nchi hii ya Kahama. Wengi walishangilia, wakasema, "Kwa nini mali yetu ikasafishwe ugenini, kazi na faida zibaki huko?" Hoja ile ilikuwa ya haki. Basi, mbona hatuikasirikii pamba? Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania hulimwa katika mikoa hii ya kwetu, na sehemu kubwa yake huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, haijasokotwa wala kufumwa. Robota la pamba nalo ni makinikia! Tofauti ni hii: dhahabu huisha. Buzwagi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na mwaka 2021 ukafungwa. Bali pamba hupandwa tena kila mvua zinyeshapo.

Kilo 3 za pamba mbegu hutoa kama kilo 1 ya nyuzi na karibu kilo 2 za mbegu. Mbegu zatoa mafuta ya kupikia na mashudu ya ng'ombe. Nyuzi zatoa uzi, kanga, mashuka na bandeji. Katika kila hatua pana mkono wa mtu alipwaye. Tuuzapo robota, twaiuza mikono hiyo yote pamoja nalo. Na vijana wanaoacha shule kwenda kuponda mawe machimboni, wakaikamata dhahabu kwa zebaki iwadhuruyo ubongo na figo, hawaendi kwa kuipenda sumu. Huenda kwa kuwa nyumbani hapana kazi nyingine.

Twajua litakalosemwa: viwanda vilijaribiwa, Mwatex kule Mwanza na Urafiki kule Dar es Salaam, vikadhoofika. Ni kweli. Lakini mgonjwa akifa, mwenye akili huuliza ugonjwa wake. Hasemi ya kuwa dawa zote ni uongo. Mafuta yalipopanda bei, na baada ya vita vya Kagera vya 1978–79, nchi ilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri, na uongozi dhaifu ukamaliza kilichosalia. Leo maji ya Ziwa Victoria yamefika Kahama na Shinyanga, na mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kutoa umeme. Udhuru umepungua.

Basi twasema wazi. Wabunge na madiwani wasiulizwe tu reli itafika lini, bali itachukua nini. Vyama vya ushirika visitosheke na kupima pamba na kuiuza; vitafute fungu katika viwanda vya kukamua mafuta na kusokota nyuzi. Fedha ambazo migodi hutoa kwa halmashauri zisiishie katika majengo. Ziwafundishe vijana ufundi wa mashine. Nasi walimu tuache kuisifu kalamu ya ofisini peke yake, na kulifanya jembe kuwa adhabu ya mtoto mtukutu.

Reli ni kama mto: huchukua kile kitiwacho ndani yake. Tukiipa marobota yale yale, itayafikisha pwani upesi kuliko ile ya zamani, na faida yetu itakuwa hiyo tu, ya kuuza rahisi kwa haraka zaidi.