Usipoziba Ufa wa Mguu

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno haya yanatufaa sana sisi wa huku Kitui, hasa wakati wa kiangazi, visigino vinapopasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Wenzangu, wengi wetu huja shuleni kwa miguu. Vumbi ni letu na magaga ni yetu. Mbona basi mtu akivua kiatu darasani wengine huangua kicheko? Anayecheka naye avue chake tuone!

Muhula uliopita sisi wa Chama cha Sayansi tulitengeneza mafuta ya magaga. Kazi yenyewe si ngumu. Twaa vijiko 4 vya mafuta ya nazi na kijiko 1 cha nta ya nyuki iliyokwanguliwa. Tia katika bakuli, uliweke juu ya sufuria ya maji yanayochemka, wala si juu ya moto wenyewe. Nta ikiyeyuka, epua ukoroge hadi mafuta yapoe.

Mara ya kwanza tulitia ute wa mshubiri, ambao Wakamba huuita kiluma. Lo! Baada ya siku chache vikopo viliota ukungu. Mwalimu wetu wa kemia alicheka, akatueleza kuwa ute ule karibu wote ni maji, na maji na mafuta hayapatani. Siku hizi tunaloweka majani makavu ya mwarobaini katika mafuta, kisha tunayachuja.

Sasa kuna wanaotaka tuyauze siku ya wazazi, tena kwa karatasi iliyoandikwa, "Huponya Magaga Yote kwa Siku 3". Mimi napinga, na nitasema kwa nini.

Si kwamba mafuta yetu hayafai. Ngozi ya nyayo haina tezi za mafuta kama ngozi ya uso, ndiyo sababu hukauka upesi. Ukilowesha miguu katika maji ya vuguvugu kwa dakika 10 hivi, ukaisugua polepole kwa jiwe, ukaikausha, ukaipaka mafuta na kulala na soksi, basi mafuta na nta huyazuia maji yasitoroke ngozini. Siri ni hiyo tu. Mwarobaini ulipata jina lake kwa imani kwamba hutibu magonjwa 40. Jameni, tusiuongezee la 41 bila ushahidi!

Nyanya yangu ana kisukari. Mwaka jana alinunua kopo sokoni kwa mtu aliyeapa kuwa dawa yake huziba kila ufa. Akapaka majuma mengi bila kulalamika, kumbe kisukari kilikuwa kimeifisha miguu ganzi. Sisi nyumbani tulidhani anapona. Alipofika hospitali, ufa ulikuwa umegeuka kidonda, akalazwa mwezi mzima. Hadi leo anatembelea mkongojo. Ukuta huo bado tunaujenga.

Najua wengine watasema, ati chama kinahitaji pesa za safari, na bila sifa nani atanunua? Nami nauliza, kwani yule wa sokoni hakuwa na sifa? Wazazi watakaonunua ni wetu. Wapo wenye kisukari miongoni mwao, na watatuamini kwa sababu sisi ni watoto wao na tumesoma.

Kwa maoni yangu, karatasi iseme hivi: "Hulainisha ngozi kavu ya miguu. Ufa ukitoka damu au usaha, au kama una kisukari, nenda hospitali." Labda tutauza vikopo vichache. Lakini aliyenunua atarudi, tena kwa miguu yake mwenyewe. Tuuze mafuta, wenzangu, tusiuze uongo.