Nyumba za kupangisha: Mpangaji anaanza kuulizia maji, si marumaru

KILA msimu wa korosho unapomalizika, maduka ya vifaa vya ujenzi katika miji ya Masasi, Newala na Mtwara hupata wateja wapya. Ni wakulima ambao malipo yao yameingia kupitia chama cha msingi, nao wameamua kwamba safari hii fedha haziishii kwenye pikipiki na harusi. Wananunua saruji, nondo na bati, wanajenga vyumba vya kupangisha mjini.

Uamuzi huo si mbaya. Mkorosho huleta fedha mara moja kwa mwaka, lakini chumba kinaweza kuleta fedha kila mwezi. Tatizo ni kwamba wengi wanajenga kwa kufuata macho yao wenyewe, bila kumuuliza mtu atakayelala humo. Matokeo yake ni nyumba yenye marumaru sebuleni na dari la kupendeza, ambayo vyumba viwili kati ya sita havina mtu nusu mwaka mzima.

Chukulia kila chumba kinapangishwa kwa Sh40,000 kwa mwezi. Vyumba viwili vikikaa wazi miezi sita, mwenye nyumba amepoteza Sh480,000. Fedha hizo zingechangia sehemu nzuri ya tanki la maji na mnara wake, na huenda ni ukosefu wa tanki hilo uliowakimbiza wapangaji.

Mpangaji wa leo si yule wa miaka ya nyuma aliyeridhika na nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati, vyumba vitatu kila upande, choo na jiko uani. Leo anayekuja na dalali ni mwalimu mpya, muuguzi, mwanafunzi wa chuo, kijana wa bodaboda au mama mwenye genge sokoni. Bado yuko tayari kuchangia nyumba na wenzake kwa sababu kipato hakiruhusu vinginevyo. Asichotaka ni kuchangia ugomvi.

Ugomvi wa kwanza ni maji. Nyumba ya vyumba sita, kila chumba watu wawili, ni watu 12. Kila mmoja akitumia ndoo tatu za lita 20 kwa siku, nyumba inahitaji lita 720. Mgawo ukikata maji siku tatu mfululizo zinahitajika lita 2,160, kwa hiyo hata simtanki la lita 2,000 halitoshi. Mwenye nyumba aliyeweka pipa moja uani na kujihesabu kuwa ana maji anajidanganya, na mpangaji huligundua hilo wiki ya kwanza. Marumaru humfurahisha siku ya kuhamia tu.

Choo kinafuata. Wengi wangependa chumba masta chenye choo chake ndani, lakini kujenga vyoo sita ni gharama kubwa na si kila mpangaji ataweza kulipa kodi yake. Yapo maelewano mazuri zaidi: choo kimoja kwa vyumba viwili, chenye mlango unaofungwa kwa ufunguo na sakafu inayosuguliwa. Choo cha watu wanne kina wenyewe. Choo cha watu 12 hakina mwenyewe, na zamu ya usafi inayobandikwa ukutani hudumu mwezi mmoja.

Umeme ndio eneo ambalo wenye nyumba wengi huwatia hasara wapangaji bila kujua. Katika bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, mteja mdogo wa majumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi aliwekewa Sh100 kwa uniti, na mteja wa kawaida Sh292, kabla ya kodi na tozo. Wapangaji sita wakitumia uniti 25 kila mmoja, jumla ni uniti 150. Wakiwa kwenye mita moja ya LUKU wanatoka kwenye kundi la wateja wadogo na kulipa Sh43,800. Kila mmoja angekuwa na mita yake katika kundi hilo, jumla ingekuwa Sh15,000. Watu hao hao na taa zile zile, lakini tofauti ni Sh28,800 kila mwezi. Mita ndogo za ndani, zile za kupimia matumizi ya kila chumba, husaidia kumaliza ubishi wa nani ana friji na nani hana. Hata hivyo, haziwarudishi wapangaji kwenye bei ya chini, kwa kuwa shirika la umeme linaiona mita moja tu. Kuomba mita zaidi kuna gharama, lakini ni gharama ambayo mpangaji anaiona faida yake kila anaponunua umeme.

Kuhusu usalama, zipo nyumba ambazo kuta za vyumba haziendi hadi juu, na hazina dari. Jirani akikohoa unamsikia, na mwizi akiingia chumba kimoja ameingia vyote. Mfanyabiashara mdogo anayelala na mali yake chumbani hawezi kukaa hapo. Wala hawezi kukaa kwenye nyumba ambayo geti hufungwa saa tatu usiku na ufunguo anao mama mwenye nyumba peke yake, wakati yeye anafunga genge saa nne.

Viwanja vya bei nafuu viko mbali, na mkulima huvikimbilia. Lakini nauli ya bodaboda Sh1,000 kwenda na Sh1,000 kurudi, kwa siku 26 za kazi, ni Sh52,000. Imezidi kodi ya chumba chenyewe. Mpangaji anaijua hesabu hiyo kabla hata dalali hajamaliza kusifia uzio.

Jambo ambalo wenye nyumba hawapendi kulisikia ni malipo ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo masharti mengi yameachwa kwa wanaoandikiana mkataba. Kwa chumba cha Sh40,000, miezi sita ni Sh240,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Mama wa genge hana fedha hiyo kwa siku moja, ingawa ya mwezi anaimudu bila shida.

Mkulima anayedai kodi ya mwaka mzima mwezi Januari anajiumiza na yeye pia. Wakati huo ana fedha za korosho mkononi. Anazichanganya na za kodi, na zote zinakwenda pamoja. Ikifika Juni, wakati wa kupuliza salfa na kulipa vibarua, hana korosho wala kodi, na ndipo anapomfuata mnunuzi wa kangomba na kuuza mazao yakiwa bado mtini. Angepokea kodi kila baada ya miezi mitatu, Sh720,000 za vyumba sita zingemkuta Aprili na nyingine Julai, miezi ambayo shamba linadai na halilipi.

Makubaliano hayo yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Yaseme pia nani anabeba kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ikianzia Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupanda hadi Sh1,500 Julai 2023. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji, na kama mwenye nyumba hamrudishii au hampunguzii kwenye pango, mpangaji huyo anaihesabu kila mwezi huku akiulizia chumba kwingine.