Mkono Wako Hauna Shida, Shida ni Saa Zilizokatwa kwenye Video

Wasee, tuongee ukweli kuhusu dekupaji. Kama jina ni geni, kazi yenyewe unaijua: unakata picha kwenye sevieti au karatasi, unaibandika kwa chupa, trei ama kijisanduku, halafu unapaka vanishi mpaka inakaa kama imechorwa hapo hapo. Video zake ziko kila mahali. Sekunde arobaini, muziki mtamu, chupa iliyokuwa ya kutupwa inageuka zawadi. Unaona, unajiambia hii naweza, unanunua vitu, unajaribu Jumamosi. Jioni uko na chupa yenye mikunjo kama shati lililolaliwa, wino umevuja, na ukiigusa inakushika vidole.

Hapo ndio unaambiwa mambo mawili. La kwanza, ati wewe huna mkono wa sanaa. La pili, ati ungenunua gundi ile maalum ya kutoka nje. Mimi nasema yote mawili ni uongo, na ni uongo unaokula doo za vijana ambao doo zenyewe ni za kuokoteza. Kuna msee ameweka akiba ya mwezi mzima aanze kuuza trei, akaharibu nne za kwanza, akaacha. Hakuacha kwa sababu hawezi. Aliacha kwa sababu alionyeshwa nusu ya kazi na akaambiwa ndio yote.

Nusu iliyofichwa ni kukauka. Karibu kila kitu kinachoharibika kwa dekupaji ya nyumbani kinatokana na maji: maji yaliyoingia kwa karatasi, au maji ambayo hayakupewa nafasi ya kutoka. Na saa za kungoja maji yatoke ndizo mtu wa video anakata.

Kwanza tumalize hii story ya gundi ya bei. Neno dekupaji linatoka Kifaransa, découper, yaani kukata. Lakini kazi hii ilipata umaarufu Venice, Italia, karne ya 18. Matajiri walikuwa wanataka samani zilizopakwa laka kutoka China na Japani, na zilikuwa ghali vibaya. Mafundi wakatafuta njia ya mkato: wanakata picha zilizochapishwa, wanazitia rangi, wanazibandika kwa mbao, wanapaka vanishi tabaka juu ya tabaka. Waitaliano waliiita lacca povera, laka ya maskini. Kulikuwa hata na wachapishaji, akina Remondini wa mji wa Bassano, waliokuwa wanachapa karatasi za picha za kukata.

Umeona? Hii ni sanaa iliyozaliwa kwa sababu watu hawakuwa na bei ya kitu original. Leo mtu anakuambia huwezi kuifanya bila kununua kitu original. Manze, hiyo ni kejeli.

Sipingi hizo gundi. Mod Podge, ile inayotajwa sana, ilianza Marekani mwaka wa 1967, na ni bidhaa nzuri: ni gundi na vanishi kwa mkebe mmoja, inakupunguzia hatua. Lakini watengenezaji wake wenyewe wanasema inachukua kama wiki nne kukomaa kabisa. Wiki nne! Sasa ile video ya sekunde arobaini ilizipeleka wapi?

Gundi nyeupe ya mbao, ile fundi wa viti mtaani kwako anatumia, itafanya kazi. Ni gundi ya PVA: plastiki laini iliyochanganywa na maji. Kwa karatasi nyembamba, punguza makali kwa maji kidogo, sehemu tatu za gundi kwa moja ya maji, iwe kama maziwa mazito. Na shika hii moja: gundi hii haikauki kwa sababu saa imepita, inakauka kwa sababu maji yameondoka. Kwa mbao, maji yanatoka pande mbili, mengine hewani na mengine yananyonywa na mbao. Kwa chupa, glasi hainyonyi kitu, kwa hivyo maji yana mlango mmoja tu, wa juu. Ndio maana trei yako ilikauka na chupa yako bado inanata. Huna laana, ni fizikia.

Ongeza hali ya hewa. Mombasa mwezi wa Mei, mvua inanyesha na hewa imejaa unyevu. Nairobi mwezi wa Julai, baridi na mawingu wiki nzima. Halafu unafuata saa za mtu aliyerekodi kwa nyumba yenye hita nchi nyingine. Akisema dakika ishirini, wewe weka masaa mawili, na kwa chupa wacha ilale usiku mzima. Karibu na dirisha lililo wazi ni sawa. Juani moja kwa moja ama juu ya jiko hapana, kwa sababu ngozi ya juu inakauka haraka na kufungia maji ndani.

Sasa tupitie haya mabalaa moja moja, maana kila moja lina sababu, na hakuna sababu hata moja inayoitwa "huna kipaji".

Mikunjo. Karatasi ikilowa inavimba na kutanuka. Ukiibandika ikiwa kavu juu ya gundi nyingi, inatanuka ikiwa tayari imeshikwa, haina pa kwenda ila kujikunja. Kwa karatasi nzito, ipitishie kitambaa chenye maji nyuma, ngoja dakika moja au mbili itanuke kwanza, ndipo ubandike. Paka gundi nyembamba, anza katikati ukisukuma kuelekea kingo kwa kadi ya zamani. Kwa sevieti, toa matabaka meupe ya chini, baki na lile moja lenye picha. Na usilisugue kwa brashi ngumu, litararuka.

Kuna njia ya pasi pia, na kwa mbao ndiyo napenda zaidi. Paka gundi kwa mbao, iache ikauke kabisa. Weka sevieti kavu juu, funika na karatasi ya kuokea, pitisha pasi ya moto wa wastani bila mvuke. PVA inalainika kwa joto, kwa hivyo inashika sevieti bila tone la maji. Hakuna maji, hakuna mikunjo. Pasi uko nayo. Mbona hawakuambii? Kwa sababu pasi haina mtu wa kukulipa uitangaze.

Wino kuvuja. Hapa ndipo watu hulia na picha za familia. Printa nyingi za nyumbani hutumia wino wa majimaji, na ukipaka gundi yenye maji juu yake unavuja, uso wa shosho unageuka zambarau. Printa ya leza na mashine ya fotokopi hutumia unga unaoyeyushwa kwa joto, na huo hautishwi na maji. Ukienda saiba usiseme tu "niprintie". Uliza kama ni leza. Swali moja la bure linaokoa picha nzima.

Picha kupotea. Sevieti ikilowa inakuwa kama kioo, rangi ya chini inaonekana. Ukibandika maua juu ya chupa ya kijani, umebandika kivuli. Paka rangi nyeupe kwanza, hata ile ya ukuta iliyobaki nyumbani, na uache ikauke. Kurasa za gazeti nazo huonyesha maandishi ya upande wa pili, na baada ya muda hugeuka manjano. Ukitaka sura ya gazeti, piga fotokopi kwa karatasi nzuri.

Kubanduka. Chupa ina mafuta ya mikono na gundi ya lebo. Ioshe kwa sabuni, ipanguze na spiriti, usiiguse tena pale utakapobandika. Plastiki na mbao zenye vanishi ya zamani zikwangue kwa msasa kwanza, maana gundi inataka mahali pa kushika.

Mapovu. Likiwa bado bichi, lisukume litoke pembeni. Likishakauka, litoboe kwa sindano, ingiza gundi kidogo, kandamiza. Usitupe kazi nzima kwa sababu ya povu moja.

Weupe kama ukungu na kunata. Hii ni ile haraka ya kupaka tabaka la pili kabla la kwanza halijakauka. PVA ikiwa na maji ni nyeupe, ikikauka inakuwa angavu. Ukungu huo ni maji uliyoyafungia. Mara nyingi ukiacha siku kadhaa bila kugusa, unapungua. Kunata nako kunaisha ukingoja, halafu ukamalizia kwa vanishi ya maji, tabaka mbili au tatu nyembamba. Vanishi ya mafuta ni ngumu zaidi lakini hugeuka manjano, kwa hivyo usiiweke juu ya nyeupe kama unataka ibaki nyeupe.

Hesabu sasa. Kati ya hayo yote, ni gani lingetatuliwa na gundi ya bei? Mikunjo? Wino? Mafuta kwa chupa? Hakuna. Yanatatuliwa na kujua sababu, na kungoja.

Najua wenzangu wa kutengeneza video watasema nini. Watasema hakuna mtu atakaa kutazama gundi ikikauka. Sawa, na hakuna aliyeomba hivyo. Mpishi akikuonyesha maharagwe hakuwekei masaa yote kwa skrini, lakini anasema "yachemshe mpaka yaive". Maneno mawili kwa skrini, "nililala, nikaamka", yanatosha. Kama huwezi kuyaweka, basi hufundishi, unatangaza. Na kutangaza si dhambi, ila usiite somo.

Wengine watasema hii ni mchezo tu, kwani kuna shida gani? Kuna shida, na hapa siko tayari kucheka. Kuna watu wanauza sahani, vikombe na bakuli zilizobandikwa na kupakwa vanishi mpaka ndani, ati ni za kulia chakula. Watengenezaji wa Mod Podge wenyewe wanasema bidhaa yao si salama kwa kugusana na chakula. Gundi ya mbao haikutengenezwa uilambe. Chai ya moto inailainisha, kijiko kinaikwangua, na vipande vinaenda tumboni kwa mtoto wa mtu.

Kwa hivyo ukiuza, uza kwa haki. Sahani ya glasi bandika upande wa chini, picha ionekane kupitia glasi, na pale chakula kinapokaa pabaki glasi tupu. Kikombe kiachie nafasi kutoka mdomoni, angalau sentimita mbili, na ndani usiguse. Trei ni sawa, lakini mwambie mnunuzi asiweke sufuria ya moto moja kwa moja, na aipanguze badala ya kuiloweka. Glasi ya mshumaa iliyofunikwa karatasi usiuze kabisa, maana karatasi na moto havijawahi kuwa marafiki. Andika hayo kwa kijikaratasi na ukifunge kwa bidhaa. Mteja aliyeambiwa ukweli anarudi. Aliyedanganywa anarudi pia, lakini na malalamiko.

Na wewe ambaye umeacha, ile trei iliyokushinda iko wapi? Ikwangue kwa msasa, ipake nyeupe, anza tena. Fanya majaribio kwa kipande kidogo cha mbao kabla ya kugusa kitu cha maana. Andika kwa daftari ulipaka saa ngapi na ilikauka saa ngapi, hapo kwenu, kwa hewa ya kwenu. Baada ya kazi tatu utakuwa na kitu ambacho hakuna video itakupa: saa za nyumba yako.

Sisi tunaorekodi nasi tuna deni. Kila video ya dekupaji iseme ilikauka kwa muda gani, picha ilichapwa kwa printa gani, na kama kitu hicho ni cha kula au cha kutazama tu. Mambo matatu. Asiyeweza kuyasema, mwulizeni kila mara anapoposti, mpaka aseme. Doo ni zenu, na mikono yenu haina shida.